MGENI WA MANYOYA LODWAR
Sungura wa kuachwa, amana ya kupokea, na kinga kabla ya tiba

Sungura tuliyemjua sisi watoto wa pwani tangu mapajani mwa bibi zetu ni mjanja asiyeshindwa. Fisi kamhadaa, simba kamtumbukiza kisimani, na tembo naye hakusalimika. Wazee wengine wakimwita kitungule, na jina lake likitajwa tu, watoto tulianza kucheka kabla kisa hakijaanza.

Lakini yule wa hadithi si huyu nitakayemtaja leo. Yule ni sungura wa porini wa nchi hizi, mwenye miguu mirefu, azaliwaye na manyoya yake mwilini na macho yake wazi. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na nchi za jirani yake. Huzaliwa uchi, macho yamefumba, ndani ya shimo. Ujanja wake wote, masikini, hauwezi kumfungulia hata komeo la tundu aliloachwa ndani yake. Yeye hamtegemei ila aliyemfungia.

Nilikutana naye mjini Lodwar, makao makuu ya Turkana, nilipokwenda kumzuru mtoto wa ami yangu ambaye ana duka huko kwa miaka mingi. Lodwar ni mji unaokaa kando ya mto Turkwel, na wasomaji wa makamo watakumbuka kuwa ndipo Mzee Jomo Kenyatta alipohamishiwa mwaka 1959 baada ya kifungo cha Lokitaung. Joto lake si la kusimuliwa. Mchana hewa aghalabu hufika digrii 35 na kuzidi, na wala hakuna upepo wa bahari wa kumwonea mtu huruma. Ukianika ng'onda asubuhi, adhuhuri ushakauka.

Katika joto hilo ndimo mgeni wetu alimoingia, naye amevaa koti la manyoya asiloweza kulivua.

ALIKOTOKA

Sungura huyu alitoka Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei inahifadhi watu zaidi ya 250,000: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Wahabeshi na wengineo. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipungua ghafla. Mgao wa chakula ukakatwa sana, na mashirika yakawaachisha kazi watumishi wao.

Mmoja katika hao walioondoka alikuwa na sungura wa nyumbani, wa ile aina ya manyoya marefu iitwayo Angora. Yeye akapanda ndege, sungura akabaki uani. Bawabu akamtazama siku kadha, akamhurumia, akampa dereva wa lori. Naye dereva akamkabidhi binti wa ndugu yangu, msichana wa miaka 14, anayejulikana mtaani kote kuwa hawezi kumpita paka mwenye jeraha.

Nilipomwona, alikuwa amelala ubavu ndani ya boksi la maziwa. Manyoya ya tumboni yamesokotana kama kitambaa kigumu. Masikio ya moto, pua imelowa, na pumzi zinakwenda mbio mtu asiweze kuzihesabu.

"Mwanangu," akasema baba mtu, "watu Kakuma mgao wao umekatwa, wanalala na njaa, nasi hapa tulee sungura? Na huyu ni halali. Kama umekusudia wema, tumchinje tumpelekee mwenye haja."

Binti hakujibu neno. Akanigeukia mimi, "Ami, wewe umesoma. Sema basi."

HUKUMU YA MGENI

Neno la baba halikuwa la kijinga, wala sikulidharau. Kuhusu uhalali wa sungura alikuwa na haki. Imepokewa kwa sahaba Anas bin Malik kwamba walimfukuza sungura mahali paitwapo Marr al-Dhahran karibu na Makka, yeye akamkamata, Abu Talha akamchinja, na Mtume (S.A.W.) akapelekewa paja naye akalipokea. Jamhuri ya wanazuoni imekwenda na hilo. Basi kumchinja si dhambi, madhali kisu ni kikali na mnyama hateswi.

Lakini tunajua pia kisa cha mwanamke aliyestahiki adhabu kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha aende kujitafutia. Na tunajua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatuni akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Ukiviweka visa hivi pamoja na kile cha Anas, utaona njia ni mbili tu. Ama umchinje kwa ihsani, ama umlee kwa ihsani. Ya tatu, ya kumfungia tunduni na kumsahau, haipo katika dini wala katika utu. Na hiyo ya tatu ndiyo aghalabu tuifanyayo, kwa sungura, kwa kuku, kwa njiwa na kwa kasuku wa kizimbani.

Nikamwambia ndugu yangu hivyo. Nikamwambia tena kuwa huruma si mchele wa kibaba, kwamba ukimpimia huyu umempunja yule. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, ndiye aliyekata shauri. "Alelewe," akasema, "lakini kwa sharti. Nyasi za Turkwel ni za Mungu, hazinunuliwi. Ila kila senti utakayomnunulia sungura, na kiasi hicho hicho kitolewe sadaka." Baba akaguna, akakubali. Mwana akapewa majuma mawili ya kuonyesha kuwa anaweza.

KWANZA MTENGE

Ndugu msomaji, watu wengi wakipokea mnyama wa kuokotwa hukimbilia kumkosha, kumshibisha na kumwonyesha jirani. Yote matatu ni makosa.

Jirani wa ndugu yangu alikuwa na sungura wawili wa nyama, na watoto walikuwa wameshawabeba kuja kumwamkia mgeni. Tukawarudisha mbio. Mtume (S.A.W.) alikataza ngamia wagonjwa kupelekwa walipo ngamia wazima, na hekima hiyo ya karne kumi na nne ndiyo leo waganga wa mifugo huiita karantini. Mnyama mgeni akae peke yake si chini ya siku 14. Chombo chake cha maji kiwe chake, na anayemhudumia anawe mikono kabla hajagusa wengine. Maradhi ya sungura, kama upele wa masikio na lile la matumbo liletwalo na vijidudu vya koksidia, husafiri kwa mikono, kwa nyasi na kwa vyombo.

Kumkosha ndiko kubaya zaidi. Sungura hakoshwi. Ukimtumbukiza majini hushikwa na hofu inayoweza kumwua, na ngozi yake ni nyembamba mno, ikilowa chini ya manyoya marefu huoza. Panapochafuka hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

JOTO NA MANYOYA

Sungura hatoki jasho kama sisi, wala hahemi kwa ulimi kama mbwa akafarijika. Joto lake hutokea masikioni. Hewa ikipita digrii 30 yumo hatarini. Na Lodwar hiyo ni hewa ya asubuhi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mgeni wetu haikuwa ya chupa. Tulimhamishia chini ya meza ya saruji upande wa ukuta usiopigwa na jua, tukatundika gunia lililoloweshwa maji mbele yake ili upepo upitao upoe, tukamwekea bakuli zito la maji lisilopinduka, na masikio tukayapangusa kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Baada ya saa moja hivi pumzi zilitulia, akainua kichwa.

Kisha ikaja kazi ya manyoya. Nywele za Angora hukua kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa mwezi, nazo ndizo zisokotwazo nyuzi laini za bei kubwa huko Ulaya na China. Mwenye kuzifuga kwa biashara huzikata kila miezi mitatu hivi. Zikiachwa hujisokota, hewa isipite, ngozi ikachubuka, nzi wakatia mayai, na funza wakamla mnyama yungali hai. Tena sungura hujilamba kama paka, lakini paka akimeza nywele huzitapika, na sungura hana uwezo wa kutapika. Zikikaa tumboni pamoja na njaa ya majani makavu, matumbo husimama.

Binti akaketi na mkasi wenye ncha butu, mama kashika, akazikata akiacha upana wa kidole. Kazi ya siku tatu, nusu saa nusu saa, maana sungura akichoka hupiga teke, na teke la sungura aliyeshikwa vibaya huvunja uti wake mwenyewe wa mgongo. Tangu hapo humchana siku mbili mara moja.

MENO, TUMBO NA NYASI

Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote; kwa mwaka yaweza kupita sentimita 10. Mungu aliyemwumba hivyo amempa na dawa yake, nayo ni kutafuna nyasi mchana kutwa. Nyasi na majani makavu ndiyo yawe chakula chake kikubwa, kiasi cha sehemu nane katika kumi. Mboga mbichi ni kitoweo. Mkate, biskuti, wali na sukari si vyake kabisa, hata akivilalia mlangoni kuvililia.

Hapa watoto wa mtaa walikuwa na lao. Walimletea maganda matamu ya mathenge, mti ulioenea kote Lodwar na Kakuma. Nikawakumbusha yale ya Baringo, ambako wananchi waliishitaki Serikali kwa sababu ya mti huo, wakampeleka mbuzi kibogoyo mpaka Nairobi mahakamani awe shahidi wa madhara yake katika meno. Kesi hiyo ilikuwa ya mwaka 2006 na 2007. Ikiwa mbuzi yamemng'oa meno, sungura yatamfanyaje?

Alama kubwa ya afya ya sungura ni mbili: anakula, na anapata choo. Sungura asiyekula wala kutoa choo kwa saa 12 ni mgonjwa mahututi hata kama macho yake yanang'aa. Mnyama huyu ni wa kuwindwa, na mawindo hayaonyeshi udhaifu. Akilala chini mbele yako, ujue amekwisha kuficha kwa siku nyingi. Ndiyo sababu kwake kinga ni kila kitu. Nilimwona binti amechukua daftari la shule akapiga mistari: tarehe, amekula, amekunywa, choo, masikio, makucha, chini ya mkia. Kila siku baada ya Alfajiri hukagua na kutia alama.

MSALA NA TUNDU

Najua wasomaji wengi wataniuliza habari ya tahara. Nyumba zetu ni za kuswalia, na mnyama huyu hupenda kukimbia sakafuni. Katika madhehebu yetu ya Shafi, manyoya ya mnyama aliwaye nyama, yakikatwa naye yu hai, ni tahiri. Basi unywele wa sungura ukikushika kanzuni swala yako haina neno. Ama mkojo wake na kinyesi chake ni najisi, kama vya mbuzi na kuku.

Bahati njema sungura hufundishika. Huchagua pembe moja ya kwenda haja, na ukiweka hapo karai lenye majani makavu, ukalitia na nyasi za kutafuna kandoni, hurudi hapo hapo. Akiisha kuhasiwa hufundishika upesi zaidi. Kwa ndugu yangu ilichukua siku tisa. Chumba cha msala kikawekewa kizuizi cha ubao mlangoni, na mambo yakatengenea.

WALIYOJIFUNZA WATURKANA

Siku ya kumi tulimpeleka kwa bwana mifugo. Bwana huyu amezoea ngamia, mbuzi na punda, na alipofungua boksi alicheka kwanza. Lakini alimpima mizani, kilo 2 kasoro kidogo, akamwangalia meno, akakuta gamba la upele ndani ya sikio la kushoto, akampiga sindano kwa kipimo cha uzito wake. Kisha akatuambia maneno ambayo sitayasahau.

"Nyinyi mwadhani kinga ni mambo ya wenye fedha," alisema. "Turkana ndiko kinga ilikofundisha watu."

Akatukumbusha ule ugonjwa wa uvimbe wa maji uletwao na tegu mdogo wa mbwa. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa. Mtu akiyameza, humea ini au mapafu mwake uvimbe kama puto lililojaa maji. Turkana ilikuwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi ulimwenguni. Madaktari walipasua matumbo ya watu mwaka baada ya mwaka, na wagonjwa hawakwisha. Mwaka 1983 shirika la AMREF likaanza mpango wa kuufuata ugonjwa kwenye asili yake: mbwa wakapewa dawa ya minyoo, wazururaji wakapunguzwa, na watu wakafundishwa kutowatupia mbwa maini yenye uvimbe. Kisu kiliponya mmoja mmoja. Kinga iliwaendea wote.

Halafu mwaka 2006 ukaingia Kenya ule ugonjwa wa mbuzi na kondoo unaoitwa sotoka ya mbuzi, na Turkana ndiko ulikothibitishwa kwanza. Hauna dawa ya kuuponya, ila una chanjo, na sindano moja hulinda mnyama miaka mitatu au zaidi. Ndugu yake, sotoka ya ng'ombe, ulimwengu ulitangaza mwaka 2011 kuwa umemalizwa duniani, na ni chanjo iliyoumaliza. Huu wa mbuzi umewekewa mwaka 2030 kuwa shabaha.

"Basi," akasema bwana mifugo akimfunika sungura, "nyasi zake msizikate wanapozurura mbwa. Sungura naye hupata tegu wa mbwa."

CHANJO NA DAWA ZA DUKANI

Sungura nao wana maradhi yao yasiyo na tiba. Moja ni lile la kutoka damu ndani kwa ndani, liuwalo kwa saa au siku chache. Liligunduliwa China mwaka 1984 katika sungura wa manyoya marefu, wa aina hii hii ya Angora, walioletwa kutoka Ujerumani. Mwaka 2010 ikazuka Ufaransa aina mpya, nayo kati ya 2019 na 2020 ikaripotiwa Ghana na Nigeria. Jingine ni miksomatosi, lichukuliwalo na mbu na viroboto. Ndilo Australia iliyolitumia kwa makusudi mwaka 1950 kuwaangamiza sungura waliowashinda wakulima. Yote mawili yana chanjo, na Ulaya wafugaji huchanja kila mwaka. Aliye mbali na chanjo asikose chandarua. Kile kile tukilaliacho sisi kwa ajili ya malaria, kipande chake kikitandazwa juu ya tundu huzuia mbu na nzi pamoja.

Neno la mwisho la bwana mifugo lilikuwa onyo, nami nalipitisha kwa kila mwenye sungura. Usimpe dawa ya dukani kwa kukisia. Penisilini na amoksilini za kumeza, ambazo sisi huzimeza bila ya kufikiri, humwua sungura kwa kuwa huangamiza vijidudu vyema vya tumbo lake vinavyomsagia chakula. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili nayo ni sumu kwake. Na ikiwa ni jike, ahasiwe na mganga ajuaye sungura akisha kukua, maana majike wengi wasiohasiwa hupata saratani ya kizazi wakiwa watu wazima. Ukimlinda hivyo, sungura huishi miaka minane hata kumi. Anayempokea leo na ajue kuwa anaahidi muda huo.

AMANA

Yule bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache huru na kutawakali, aliambiwa amfunge kwanza. Hatukuambiwa tawakuli ni kukaa kitako. Gunia lililolowa, daftari la shule, chandarua kilichochanika: hizo ndizo kamba za huyu ngamia wetu mdogo.

Majuma mawili yalipotimia nilikuwa naaga. Manyoya ya mgeni yamekatwa vibaya, huku marefu, huku mafupi, kama nyasi zilizolishwa na mbuzi. Lakini macho yake ni mang'avu na karai lake limejaa choo, na kwa sungura hiyo ndiyo habari njema. Kikopo cha sadaka nacho hakikuwa kitupu. Mama mtu alikuwa amekwisha kukituma mara moja Kakuma, kwa mkono wa dereva yule yule.

Alfajiri ya safari niliamka kabla ya adhana. Uani nikamwona ndugu yangu, yule aliyetaka kisu, amechutama gizani akilimwagia gunia maji. Aliponiona akasimama upesi.

"Mtoto amelala," akasema. "Nimeona nimsaidie."

Sikumjibu. Tukaenda kuswali. Njiani ndani ya basi nikatunga haya:

Mja ukipewa kitu, hicho kwako ni amana,
Ni sungura au mtu, viumbe vyake Rabbana,
Kumkinga ndiyo utu, ndwele haijambana,
Dawa ya kwanza si chupa, ni kivuli nayo maji.